Maji kiasi gani, na welwitschia tuisogelee vipi?

Swali: Tuko wanne, tumezoea kupanda Meru na kutembea Usambara. Mwezi wa saba tutakuwa Swakopmund, Namibia, na tunataka kushinda kutwa kwa miguu kwenye uwanda wa welwitschia, ule mmea wa jangwa la Namib. Kila mtu abebe maji kiasi gani? Na tukiufikia mmea, tusimame umbali gani?

Jibu: Usambara ukiishiwa maji unatafuta kijito. Huku msiuhesabu mto wowote: Swakop na Khan ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Kila mtu abebe lita 1 kwa kila saa ya kutembea, pamoja na lita 2 za akiba zisizoguswa mpaka mrudi kwenye gari. Kwa saa tano ni lita 7, yaani kilo 7 mgongoni kabla ya chakula. Zigaweni kwenye chupa kadhaa. Mkiyaweka yote kwenye chombo kimoja nacho kikapasuka, mmepoteza yote.

Watu wengi hukosea wakati wa ukungu. Asubuhi ukungu wa baharini huingia mbali bara, mnavaa masweta na hakuna anayesikia kiu. Ukungu ukishapanda, jua linachoma mara moja, na hewa ni kavu hivi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona. Ukiona michirizi myeupe ya chumvi kwenye shati, umeshachelewa. Kunyweni mafunda machache kila robo saa tangu mnapoanza, kiu iwepo isiwepo. Kila mtu awe na pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Zikikosekana, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita 1 ya maji. Maji matupu mengi hushusha chumvi ya damu, ndipo kichwa kinauma na kichefuchefu kinaanza. Mwenzenu akianza kuongea ovyo na mwili unawaka, mwekeni kivulini, mlowesheni, mpepeeni, na ombeni msaada papo hapo.

Mwezi wa saba pia huweza kuvuma upepo wa moto kutoka mashariki, wenye mchanga. Siku hiyo msitoke.

Sasa mmea wenyewe. Kaeni angalau mita 3 kutoka ncha za majani, na kwa mikubwa ongezeni. Welwitschia ina mzizi wa katikati, lakini si huo peke yake. Ina mizizi myembamba iliyotawanyika karibu na uso wa ardhi, na kila kisigino huikandamiza. Mkiona njia iliyokanyagwa na wageni kuuzunguka mmea, msiifuate.

Kwa mbali utadhani ni lundo la majani mengi. Ni mawili tu maisha yote, yaliyochanwa na upepo kuwa mikanda. Ncha ni kavu, za kahawia, zimekunjamana mchangani. Ukifuata ukanda kurudi shinani unakuwa mpana, mgumu, wa kijani. Jani hukulia hapo shinani, kwa kawaida sentimita 10 hadi 15 kwa mwaka. Kwa hiyo ncha ikikatika, mmea unavumilia. Sehemu ya shina inayozalisha jani ikipondwa, hakuna jani la tatu la kuziba pengo, na baadhi ya mimea hii inakadiriwa kuvuka miaka 1,000. Tafadhali asikalie mtu shina ili apigwe picha.

Ardhi nayo ni hai. Madoa ya kijivu na rangi ya chungwa juu ya changarawe ni kuvu na mwani vilivyoungana, vinavyoishi kwa ukungu. Alama ya tairi hapo hubaki miongo mingi, basi gari lisitoke barabarani hata kwa kugeuza. Kibali cha hifadhi ya Namib-Naukluft kichukueni mapema mjini Swakopmund, msisubiri kukipata njiani.

Kwa picha, pigeni magoti palepale mita 3 na mvute kwa lenzi mpaka ukingo wa shina. Koni nyembamba zenye wekundu ni za mmea dume. Za jike ni nene zaidi. Wadudu mnaowaona juu yake waacheni.