Jibu: Rahu Kalam ya Jumatatu, kalenda na simu hazikubaliani

Habari ndugu. Umesema kalenda uliyoletewa kutoka Chennai, India, inaonyesha Rahu Kalam (ule muda wa kila siku ambao Wahindu wengi huuona mbaya kwa kuanza jambo jipya) ya Jumatatu ni saa 1:30 hadi saa 3:00 asubuhi, ilhali simu yako hapo London inakupa saa nyingine kabisa.

Angalia kwanza mji uliowekwa kwenye programu. Kama ni London, fuata simu. Kalenda hizo huchukulia jua limechomoza saa 12 kamili na kuzama saa 12 kamili. Rahu Kalam ni fungu moja kati ya manane ya mchana, toka macheo hadi machweo, na Jumatatu ni fungu la pili. Juni hapo London fungu moja hupita saa mbili; Desemba halifiki hata saa nzima! Nilihangaika hivyo hivyo nikimsaidia jirani Mtamil kupanga siku ya kuhamia nyumba, mpaka tulipochukua karatasi tukagawanya wenyewe.

Jumatano usitegemee Abhijit, ule muda mwema wa katikati ya mchana. Siku hiyo Rahu Kalam huanza jua likiwa utosini, na wengi huuepuka.