Maswali na majibu: Kuchonga ukungu

*Nasikia kuna wachongaji wa ukungu. Unachongaje kitu kisichoshikika?*

Huchongi, unaupangia pa kuzaliwa, upepo ndio unaomalizia. Msanii Fujiko Nakaya wa Japani alilifunika banda la Pepsi kwa ukungu kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, mwaka 1970. Thomas Mee, mwanafizikia wa Marekani, alimtengenezea nozeli, yaani vichwa vya kupulizia maji, zenye tundu jembamba mno. Pampu husukuma maji kwa shinikizo kubwa, nayo hutoka kama vumbi la matone. Nakaya alikataa ukungu wa kemikali. Alitaka maji matupu, watu waingie humo na kupumua bila wasiwasi. Kazi kubwa huja kabla ya kuunganisha bomba lolote: kuujua upepo wa eneo, joto lake na unyevu wake, maana siku kavu matone huyeyuka hewani kabla hujapata umbo. Baba yake Nakaya, Ukichiro, ndiye aliyeunda chembe ya theluji maabara mwaka 1936. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

*Mvuke na ukungu si kitu kimoja?*

Sivyo. Mvuke hauonekani. Chungulia birika linalochemka: karibu kabisa na mdomo wake hakuna kitu, weupe huanzia mbele kidogo, mvuke unapopoa ukawa matone. Tena mvuke hupanda na huunguza, ilhali ukungu wa nozeli ni baridi na hutambaa.

*Nitumie barafu kavu ukumbini?*

Mimi singetumia. Ni kaboni dayoksaidi iliyoganda, nyuzi -78.5 za Selsiasi. Gesi yake ni nzito kuliko hewa, hujaa chini na kuisukuma oksijeni nje. Chumba kidogo kilichofungwa kinaweza kuua. Mashine ya glaikoli, kimiminika kinachopashwa moto kikawa ukungu, ina nafuu, ila wenye pumu waonywe mlangoni, na umuulize msimamizi wa jengo kuhusu kengele za moto. Zikilia katikati ya onyesho, utajibu nini?

*Taa zinaingiaje?*

Hapo ndipo utamu ulipo. Bila ukungu, taa hukuonyesha ukuta tu. Ukiwepo, unaiona njia yenyewe ya mwanga. Mwaka 1973 msanii Anthony McCall alirusha mwanga wa projekta ndani ya hewa yenye moshi, ukawa koni ambayo watazamaji waliizunguka na kuipenya. Msanii mwingine, Ann Veronica Janssens, yeye hujaza chumba ukungu wa rangi hadi mtu asione ukuta uko wapi. Anza na taa moja.

*Kazi isiyodumu nani atainunua?*

Kinachonunuliwa ni pampu, mabomba na maelekezo. Jumba la makumbusho la Guggenheim, Bilbao, lina ukungu wa Nakaya tangu 1998. Huwashwa, huzimwa.