Mbwa mgeni anamngurumia mwenyeji? Usimkaripie, mpe nafasi

Umemchukua mbwa aliyetelekezwa, umemleta nyumbani kwa moyo mweupe, halafu kila mbwa wako wa zamani akipita karibu yule mgeni anatoa meno na kunguruma. Wengi hapo wanakimbilia kumfokea, wengine hata kumchapa. Jamani nawaomba msifanye hivo. Kunguruma ndo namna yake ya kusema usinisogelee naogopa, na ukimwadhibu mpaka anyamaze hofu haijaenda popote, umemnyang'anya onyo tu, siku ingine ataruka na kuuma halafu mtasema kauma ghafla bila sababu.

Kwetu mgeni alikuwa Kito, jike dogo, anatembea kwa kujibana ukutani mkia ukiwa katikati ya miguu. Mwenyeji ni Bosi, dume kubwa lenye roho safi kabisa ila akifurahi anakuja mbio, uso kwa uso, kifua mbele. Sasa kwa mbwa, kumjia mwenzio hivo usoni ni kukosa adabu, wanaoelewana husogeleana kwa kuzunguka ubavuni, wananusana kidogo wanaachana. Kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa ni kumfundisha Bosi kuitika akiitwa na kutulia kwenye kitanda chake, na hili watu hawalisemi vya kutosha, lawama zote wanamtupia yule anayenguruma.

Utaambiwa pia lazima mmoja awe alfa, yaani mbabe anayewatawala wenzake, waache wapigane wamalizane. Hapana. Hayo mambo ya alfa yalitokana sana na mbwa mwitu (wolf) waliofungiwa pamoja, mtafiti Rudolph Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947, na mtafiti mwingine David Mech, aliyesaidia kulieneza hilo neno, mwenyewe mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida porini ni baba, mama na watoto wao tu. Mbwa muoga hagombei cheo, anatafuta usalama.

Tulichofanya kwanza ni kuwatenganisha. Geti dogo la mlangoni, lile la kuzuia watoto, na shuka juu yake ili wasikiane na kunusana bila kukodoleana macho. Matandiko tulikuwa tunabadilishana, ya huyu yanaenda kwa yule. Kula kila mtu chumba chake mlango umefungwa, na mifupa haikuonekana kabisa wakiwa karibu, maana ugomvi mwingi wa mbwa wa nyumba moja unaanzia kwenye chakula, mahali pa kulala, milango myembamba, na hata wewe mwenyewe ukiwa umekaa na mmoja wao. Kuna ile kanuni ya siku 3, wiki 3, miezi 3 ya mbwa kuzoea nyumba mpya, ichukue kama makadirio tu, mwenye hofu kubwa anaweza kuhitaji muda mrefu zaidi na si kosa lake.

Baada ya hapo ndo zoezi lenyewe, na hapa msiharakishe. Mtu mmoja anamtokeza Bosi akiwa kwenye kamba, mbali, upande wa pili wa geti, na sekunde Kito anapomwona anaanza kupata vipande vidogo vya kuku wa kuchemsha, hauna mfupa hauna chumvi, kimoja baada ya kingine. Bosi akiondoka kuku anakatika. Mpangilio ndo siri, mwenzake atokee kwanza ndo kuku afuate, ukianza na kuku unaweza kumfundisha kuogopa kuku. Akikataa kula, au ananyakua kwa nguvu mpaka anakubana vidole, mko karibu mno, rudini nyuma. Mimi nilijua tumefika mahali pale Kito aliposikia kola ya Bosi inalia na badala ya kuganda akageuka kuangalia mkono wangu. Nilifurahi sana aisee.

Ukishaona hivo unasogea hatua moja, si tano. Tembea nao pia nje, watu wawili, kila mtu na mbwa wake, mwelekeo mmoja kwa umbali ambao wote wametulia, mnapunguza pole pole. Kutembea pamoja kunawasaidia kuliko kuwakalisha wakitazamana.

Na jifunze kuona kabla hajanguruma. Mwili unakuwa mgumu, analamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, anageuza kichwa huku weupe wa jicho unaonekana pembeni. Ukiviona hivo muite mwenzake aje kwako kwa sauti ya kawaida, basi. Na kama kulikuwa na fataki au wageni, siku hiyo hamna mazoezi, hofu zinarundikana na mwili wake unachukua muda kutulia.

Halafu mpeleke kwa daktari wa wanyama mapema. Jino bovu, masikio yenye uchafu, nyonga zinazouma, vyote vinaweza kumfanya anungurume mtu akimkaribia, na hakuna kuku wa kutibu jino. Hofu ikiwa imezidi daktari anaweza kumwandikia dawa kama fluoxetine, dawa inayompa utulivu wa kutosha ili ajifunze, hakuna aibu hapo, ila usimpe kidonge chako wewe hata kidogo.

Wakishikana usiingize mkono katikati wala kuvuta kola, hapo ndo watu wanapoumia. Piga kelele kubwa, sukuma ubao au kiti kati yao, mwagia maji, kisha kila mmoja chumba chake. Kama kuna jeraha la kutoboka, au mmoja haachii akishauma, simamisha mazoezi yote, geti libaki limefungwa, na mtafute mtaalamu wa tabia za mbwa anayefundisha bila kupiga wala kola za umeme kabla hujawakutanisha tena.