Shilingi 200 kwa siku Mombasa: nilivyokula mimi

Mdogo wangu, umesema unaanza chuo Tudor mwezi ujao, utakaa chumba kimoja na wenzako wawili Kisauni, na ukitoa nauli unabakiwa na shilingi 200 za kula kwa siku. Umeuliza kama zatosha, na kama ununue mtungi wa gesi. Naona wengine wamekucheka. Mimi niliishi maisha hayo miaka mitatu kuanzia 2014, nikisomea umeme siku za wiki na kubeba magunia kwenye maghala ya Shimanzi Jumamosi na wakati wa likizo. Zatosha, ila utabana. Bei nitakazotaja ni za kukadiria huku kwetu Kisauni. Ukivuka kwenda mjini kisiwani ongeza kidogo.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutafuta sahani ya bei ya chini. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili, shilingi 40, nikajiona mjanja. Kufika saa nne mwalimu anachora nyaya ubaoni mimi naona ukungu. Natoka, nanunua viazi karai vitatu, 30 hizo. Saa saba natafuta tena. Jioni ile 200 ishakwisha na bado nina njaa, na nikikaa nikijiuliza pesa zimekwenda wapi sina jibu, maana hakuna siku niliyokaa nikala chakula hasa.

Aliyenizindua ni mzee mmoja hamali, mtu wa miaka hamsini na ushei ambaye alikuwa akitushinda sote vijana. Jumamosi moja gunia la kilo 50 liliniyumbisha mgongoni, akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia. Akasema, "Kinywa umekifungua, tumbo bado umelifunga." Siku ya pili akanipeleka kwa mama wa mbaazi, nyuma ya maghala.

Mbaazi za nazi na mahamri wewe wazijua, kila mtu wa pwani azijua, lakini wengi twazichukulia kama kifungua kinywa cha starehe cha Jumapili. Zitazame upya. Mbaazi kavu karibu sehemu ya tano ya uzito wake ni protini, na tui lina mafuta, kwa hivyo tumbo halizimalizi upesi. Hamri ni ngano, na ngano na jamii ya kunde hukamilishana: kile ambacho protini ya nafaka inapungukiwa, mbaazi inacho. Nusu sahani ni 30, mahamri mawili 20. Hiyo ni 50, shilingi kumi zaidi ya ile chai yangu na mandazi, lakini nikila saa moja asubuhi sikumbuki chakula mpaka saa saba. Tangu hapo bei ya kila sahani nikawa naigawa kwa saa inazonishikilia. Chai na mandazi, saa tatu. Mbaazi, saa sita. Viazi karai hata saa mbili hazifiki, japo kwa ukwaju na pilipili ni vitamu sana, na sitakudanganya kwamba nimeviacha.

Usione haya kuomba nusu. Mama wa kibanda hakatai ukimjia mapema na ukilipa taslimu.

Mchana uko darasani, huna pa kupikia. Tafuta kibanda wanapokula watu wa mjengo na wa mkokoteni, wala usiende kile chenye viti vizuri mkabala na lango la chuo. Mtu anayesukuma mkokoteni toka Kongowea hadi Mwembe Tayari hawezi kudanganywa kwa sahani. Akitoka na njaa leo, kesho harudi. Sima na maharagwe na mboga utapata kwa 70 au 80. Au chapati moja na pojo, yaani ndengu, 20 na 40. Chakula cha kibanda cha namna hiyo hupikwa na mtu ambaye ana makaa mengi na sufuria kubwa, na hapo ndipo unapookoa, kwa sababu maharagwe ukiyapika mwenyewe yatakula makaa mengi ya kununua. Hili wanafunzi wengi hawalihesabu. Wananunua kilo ya maharagwe, wanafurahi, kisha wanachemsha saa tatu. Vya kuiva polepole nunua vimeshaiva. Cha kuiva upesi, kama sima, mchicha, mayai, dagaa, pika mwenyewe. Kama lazima upike maharagwe au mbaazi, loweka usiku kucha.

Sasa usiku. Mko watatu, na hapa ndipo mlipo na bahati. Mkichanga 60 kila mmoja mna 180, na 180 ya watu watatu ni kubwa kuliko 60 mara tatu, ukinielewa. Unga robo kilo kila mtu, sufuria moja, moto mmoja. Kitoweo ndicho kinachogombanisha watu. Sisi tulikuwa na mmoja wetu, mtu wa bara, aliyekuwa hataki kabisa uduvi, wale kamba wadogo wa baharini. Harufu, alisema. Tukamwekea fungu lake la sukuma wiki kando. Baada ya miezi miwili alikuwa akiulizia uduvi yeye mwenyewe. Uduvi wa kukaushwa wa shilingi 30, nyanya mbili, kitunguu, tui jepesi: hiyo ni mboga ya watu watatu na inabaki. Nazi moja itoe matui mawili, zito na jepesi. Jepesi lipikie kwanza, zito litie mwisho ukiwa karibu kuepua.

Samaki fuata msimu. Kaskazi ikivuma, toka mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, bahari imetulia na wavuvi wengi wanatoka. Simu, wale samaki wadogo, na dagaa wa kukaanga wanajaa jioni na bei inateremka. Kusi likiingia bahari inachafuka, samaki yuleyule anapanda bei na anapungua ukubwa. Miezi hiyo sahau samaki mbichi, kula ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Kipande kidogo, maana kina chumvi nyingi. Kiloweke, umwage maji, kisha ukitie kwenye mchicha wa nazi kiwe kikolezo.

Mboga za majani usikwame kwenye sukuma wiki peke yake. Mnavu, kisamvu, matembele, mchunga: akina mama wa Kimijikenda huzileta sokoni Kongowea kwa bei ambayo wakati mwingine ni aibu kuipunguza. Nenda jioni, mafungu yanakuwa makubwa kwa sababu hakuna anayetaka kurudi na majani. Na chai ukinywa, iache ipite saa moja hivi baada ya chakula, kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya chuma ya mboga ulizotoka kuzilipia.

Matunda sina la kukwambia, ni Mombasa. Embe likiwa msimu utalila mpaka ulichoke.

Kiporo sasa, na hili nalisema kwa uchungu. Tulikuwa hatuna friji, nawe hutakuwa nayo. Usiku mmoja tulibakiza wali wa nazi mwingi, tukaufunika, asubuhi tukaupasha moto mpaka ukatoa mvuke, tukala. Nilikosa mtihani. Wawili kati yetu tulishinda chooni tukipishana mlangoni. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba wali uliolala kwenye joto huota vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu ile haifi ukiupasha. Kwa joto la huku, chakula cha nazi kilicholala usikiamini hata kikinukia vizuri. Pika kinachokwisha. Ukibakisha sima kavu, hiyo ikate vipande asubuhi uikaange.

Deni la kibandani. Mama yangu wa mbaazi alikuwa na daftari, na niliandikwa humo. Lina faida yake wiki ambayo kazi hakuna. Lakini kuna ugonjwa wa wanafunzi: mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ukiingia, wiki mbili ni kuku na chipsi mjini, wiki ya tatu ni daftari, na muhula ukiishia na deni mtu anabadilisha njia asionekane. Mimi nilibadilisha njia wiki nzima. Mama alinituma salamu kwa mwenzangu: "Mwambie mbaazi hazijaacha kupikwa." Nikaenda kulipa kwa aibu, na siku hiyo alinijazia sahani.

Ramadhani jipange. Vibanda vingi vya Majengo na Mji wa Kale havifungui mchana. Hata kama hufungi, beba kitu chako ule faraghani, na jioni majirani wa Kisauni hawatakuacha. Sahani ya futari ikiletwa mlangoni, isirudi tupu. Hata ndizi mbili tia.

Siku za kubeba mizigo, ndimu moja, chumvi kidogo na sukari kwenye chupa ya lita moja ya maji. Dafu ni bora, lakini dafu moja litakula sehemu kubwa ya pesa za chakula cha mchana.

Gesi: nunueni, lakini kwa mchango wa watatu, ule mtungi mdogo wa kilo 6. Na mkubaliane mapema nani anaujaza lini, muandike ukutani. Sisi hatukuandika, ukatuishia usiku wa mvua sima ikiwa uji, tukainywa.