Mwanangu, usije huku kumsubiri rais mpole

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma kwenye basi la alfajiri nikitoka kazini, nikausoma tena nyumbani kabla sijavua koti. Unasema huko mtaani inazungumzwa kwamba Marekani safari ijayo itampata rais wa msimamo wa wastani, mtu asiye na makali, na akishaingia tu watu kama mimi tutapewa makaratasi ya kuishi huku kihalali. Kwa hiyo unataka kuja kwa viza ya matembezi, uzamie, usubiri. Na baba yako, kaka yangu, akanirekodia sauti ya dakika 4 kwamba kwa wenzetu mkubwa akishikwa na kashfa anaondoka siku hiyo hiyo, ndiyo maana nchi yao imenyooka.

Nimekasirika. Si kwako wewe, wewe unauliza. Nimewakasirikia wanaowajaza maneno hayo, na nimejikasirikia mimi, maana miaka yote hii nawatumia picha na pesa, hili sikuwaambia. Mwanasiasa wa namna hiyo mimi nilishamsubiri. Nilimsubiri nikimtaja jina.

Huku New Jersey, kuanzia Januari 2010, gavana wetu alikuwa Chris Christie. Ni wa chama cha Republican, na jimbo hili watu wengi ni wa Democratic, kwa hiyo alishinda kwa kuwavuta watu wa upande wa pili. Kimbunga Sandy kilipotupiga Oktoba 29, 2012, Obama alikuja kuona maafa, na Christie akatembea naye na kumsifu hadharani, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya uchaguzi wa rais. Wengi wa chama chake waliliweka moyoni. Sisi tuliokuwa gizani bila umeme tulimpenda kwa hilo hilo. Novemba 2013 akarudishwa kwa asilimia 60 ya kura, na wachambuzi wakaanza kumtaja kuwa mtu wa Ikulu mwaka 2016.

Desemba 20 mwaka huo akatia saini sheria iliyogusa nyumba yangu. Mtoto asiye na makaratasi, akiwa amesoma sekondari hapa jimboni miaka 3 na kuhitimu, alipe ada ya chuo cha umma kama mwenyeji, badala ya ada ya mtu wa nje ya jimbo inayoweza kufika mara mbili. Ndugu yako, mwanangu wa kumzaa, alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Unajua nilimleta akiwa na miaka 8. Kibali cha kufanya kazi alikuwa ameshakipata, kile cha kuhuisha kila miaka 2 ambacho Obama aliwapa vijana wa aina yake mwaka 2012, lakini chuo tulikuwa hatukioni. Christie hakutoa yote. Msaada wa ada wa jimbo aliukataa, vijana wakaja kuupata mwaka 2018 chini ya gavana mwingine. Hiyo ndiyo miaka ambayo baba yako alisema nimewasahau, bati la nyumba limekwama. Sikuwasahau, kaka. Ada ilikuwa inatoka mabegani kwangu na sikutaka mjue.

Januari 7, 2014 ikafanyika sherehe ya sheria hiyo katika shule moja ya Union City. Niliitazama sebuleni kwa bibi mmoja Mmarekani niliyekuwa namlea, nimeshika bakuli lake la uji. Nikasema moyoni, huyu akiwa rais, nitarudi nyumbani nikamwone mama na hakuna atakayenifungia mlango nyuma yangu. Usiku nikampigia bibi yako. Nikamwambia, mama, vumilia miaka 3.

Kesho yake zikatoka barua pepe.

Septemba iliyotangulia, kuanzia Jumatatu tarehe 9, kwenye daraja la George Washington linalounganisha mji wa Fort Lee na New York, njia 2 kati ya 3 za kupitia magari ya Fort Lee zilifungwa bila taarifa. Zilikaa hivyo mpaka Ijumaa. Bibi niliyemlea aliishi Fort Lee, ghorofa ya juu. Asubuhi ile nilivuta pazia nikaona basi la shule, la njano, limesimama. Nikamwogesha, nikamvalisha, nikamchana nywele. Niliporudi dirishani basi lilikuwa pale pale. Ilikuwa siku ya kwanza ya shule. Magari ya wagonjwa nayo yalichelewa. Watu waliambiwa ni utafiti wa foleni.

Haukuwa utafiti. Barua pepe zilionyesha kwamba Agosti 13 naibu mkuu wa watumishi wa ofisi ya gavana alimwandikia mtu wao kwenye mamlaka inayosimamia daraja: wakati umefika wa kuwa na matatizo ya foleni Fort Lee. Akajibiwa kwa kifupi kwamba ameeleweka. Upande wa mashtaka baadaye ulisema mahakamani kwamba alikuwa anaadhibiwa meya wa Fort Lee, mtu wa Democratic, kwa kukataa kumuunga mkono Christie katika uchaguzi. Christie alisimama mbele ya waandishi kwa muda wa karibu saa 2, akaomba radhi, akamfukuza yule naibu, akasema hakujua. Mimi sisemi alijua. Waendesha mashtaka hawakuwahi kumshtaki.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize wote wawili. Kaka, unasema huku kashfa inamwondoa mtu. Inategemea mtu huyo amesimama wapi. Mei 30, 2024 baraza la wazee wa mahakama New York lilimkuta Donald Trump na hatia katika mashtaka 34. Novemba mwaka huo huo akachaguliwa kuwa rais. Ana watu wake wa kufa na kuzikana, na kwa watu hao kila kashfa ni uonevu, wanazidi kumzunguka. Mwanasiasa wa katikati watu wa hivyo hana. Ana watu wa kuazima. Wale wa Democratic waliompa kura kwa sababu ya Sandy walikuwa na kwao pa kurudi, wakarudi. Wale wa chama chake waliokuwa bado wanamnunia kwa ajili ya Obama wakapata sababu ya kusema, tuliwaambia. Hakubaki hata mmoja wa kumpigania kama ndugu.

Halafu angalia kilichoharibika chenyewe. Mtu wa makali anauza makali yake, na kashfa haiyagusi. Christie alikuwa anauza kitu kimoja tu, kwamba yeye ni mtendaji, anasema ukweli na anafanya kazi na kila mtu. Daraja lilimpiga hapo hapo. Kama alijua, basi si mkweli. Kama hakujua, basi ofisi hakuishika. Jibu la kumwokoa lilikuwa halipo. Nimelifikiria sana hili, usiku kazini mtu unapata muda wa kufikiri.

Si daraja peke yake, niseme haki. Uchumi wa jimbo ulikuwa unasuasua, na mwaka 2015 alipojitokeza Trump, nafasi ya msema ovyo asiyeogopa mtu, ambayo Christie alidhani ni yake, ilichukuliwa. Lakini alikuwa ameshadhoofika kabla ya hapo.

Na mwanasiasa wa katikati akidhoofika anakwenda kutafuta kura pembeni, na cha kulipia ni sisi. Hicho ndicho wanaokudanganya hawakielezi. Alitangaza kugombea Juni 30, 2015. Huko nyuma aliwahi kusema wasio na makaratasi watafutiwe njia ya kuwa raia, na sasa akawa ameshaligeuka neno hilo. Agosti 29, mbele ya wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, akasema wageni wanaoingia kwa viza wafuatiliwe kama FedEx inavyofuatilia vifurushi.

Mwanangu, wakati huo yule bibi alikuwa ameshafariki na mimi nilikuwa nabeba maboksi, kweli kweli, kwenye ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Kazi yangu ilikuwa kuchukua boksi kwenye mkanda, kulipiga mwanga wa mashine kwenye ile mistari myeusi mpaka ilie, kuligeuza, kulisukuma. Likilia ndiyo limejulikana liko wapi. Lisipolia linatupwa kapu la pembeni. Maneno yale ya gavana niliyasikia kwenye chumba cha mapumziko, nimekaa, glovu bado mkononi. Niliingia nchi hii kwa viza. Aliyekuwa anasemwa ni mimi. Nilirudi kwenye mkanda na usiku ule kila boksi lililolia nililisikia tumboni.

Februari 9, 2016 akawa wa 6 katika mchujo wa chama chake huko New Hampshire, kama asilimia 7. Siku ya pili akajitoa. Tarehe 26 akamuunga mkono Trump. Wakati mimi bado natafakari hayo, Agosti bibi yako akatutoka. Baba yako alishika simu juu ya kaburi ili nione, mkono ukamchoka, nikaona mchanga, kisha viatu vya watu, kisha mbingu. Sikuja kwa sababu sheria ya 1996 inasema hivi: ukizidisha muda wako hapa zaidi ya siku 180 ukatoka, unafungiwa miaka 3, ukizidisha mwaka ukatoka, unafungiwa miaka 10. Ningekuja kumzika mama, ningemwacha mwanangu peke yake chuoni. Mlisema nimekuwa Mzungu. Neno hilo bado linaniuma, kaka, nilitaka ulijue.

Mwaka 2020, Mei 7, Mahakama ya Juu ikafuta hukumu za waliotiwa hatiani kwa suala la daraja, majaji wote kwa kauli moja. Walisema ule ulikuwa utumiaji mbaya wa madaraka lakini lengo halikuwa kupata fedha wala mali, kwa hiyo sheria waliyoshtakiwa nayo haiwafikii. Zaidi ya miaka 6 ilikuwa imepita tangu barua zile zitoke. Nani alimrudishia Christie mwaka wake 2016? Aligombea tena mwaka 2023 na Januari 10, 2024 akajitoa kabla hata kura ya kwanza haijapigwa.

Na hata angeshinda, rais hagawi makaratasi peke yake. Bunge lazima lipitishe. Juni 27, 2013 Seneti ilipitisha muswada wa kutupa njia, kura 68 kwa 32, na Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura hata siku moja. Mara ya mwisho watu wengi kusamehewa ilikuwa 1986, Reagan akiwa rais, karibu milioni 2.7. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Wako watu nafanya nao kazi wanaosubiri kurudiwa kwa 1986 mpaka wajukuu wamepata.

Kwa hiyo usije. Kaa hapo, malizia chuo chako cha ufundi, hiyo nauli unayotaka kukopa nunulia vifaa. Lakini sitaki uje useme shangazi alikuzibia riziki. Mimi mwenyewe nilikuja, na ndugu yako leo ana shahada, na mimi tangu 2021 nina leseni ya udereva ambayo jimbo lilituruhusu bila kuulizwa makaratasi. Christie aliikataa sheria hiyo, gavana aliyemfuata akaitia saini Desemba 2019. Kwenye jimbo unaweza kupata kitu kidogo ukakishika. Kwenye kampeni ya urais usitegemee kitu.

Ukija, njoo na viza ya masomo, shule iwe imekupokea kweli na ada unajua inatoka wapi. Usimlipe mtu anayesema ana njia yake. Siku ambayo ruhusa yako ya kukaa inaisha iandike ukutani unapolala. Usipitishe. Wakija wa kukuambia pitisha tu, kuna seneta fulani, kuna gavana fulani mpole anapanda, waulize huyo mpole watu wake wa kufa na kuzikana ni akina nani siku zikitoka barua pepe.

Nimekuwa mkali, najua. Baridi imeanza na magoti yananisumbua, lakini si hilo. Nakuona kama mwanangu wa kumzaa na sitaki uwe mtu wa kuona mazishi kwenye simu. Mwambie baba yako pesa ya mwezi huu itachelewa wiki moja, itakuja. Na kama umeshaamua na hushikiki, nipe siku na saa ya ndege yako, nitakuja kukupokea mwenyewe. Ila kabla hujapanda, nipigie picha tiketi ya kurudi.