Krismasi ya Dar bila safari ya Moshi

Pole dada kwa nauli kupanda. Umeuliza watoto watasherehekea nini mwaka huu msipokwenda Moshi, na mapambo ya dukani huyawezi. Mimi nimeshabaki mjini miaka miwili, najua hiyo hali.

Mti usikutishe. Huku pwani tawi la mvinje linatosha kabisa. Lisimamishe kwenye ndoo ya mchanga, kisha ifunge ndoo kwa khanga kuukuu.

Mapambo waachie watoto. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani ukaombe vipande vya vitenge, kwake ni takataka. Kata nyota kwenye maboksi, kisha mzibandike vitambaa pande zote mbili. Gundi pika mwenyewe: vijiko viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha maji, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka iwe kama uji mzito. Nyota zianike juani siku nzima. Zetu za mwaka wa kwanza nilizifungia kwenye boksi zikiwa bado mbichi. Mende walizila zote, mdogo wangu wa mwisho akalia kuliko siku aliyochanjwa. Sasa nazitia kwenye kopo la mfuniko.

Ndizi nyama pika kama kawaida. Halafu mpigie bibi simu ya video asubuhi ya tarehe 25, kabla hawajatoka kwenda kanisani, watoto wamwonyeshe nyota zao. Ukichelewa, mtandao huwa mzito.