Ukipenda kantri na bluzi, anza kusoma hapa

Kila nikiandika habari za muziki wa Marekani napokea swali lilelile: nisome kitabu gani kwanza? Vitabu ni vingi mno, vingine vina kurasa zaidi ya mia tano, na bei zake zinauma. Leo nitajibu kwa urefu, maana msomaji akianza na kitabu kisichomfaa huacha kabisa, na anayeacha anakosa mambo makubwa.

Anza na Escaping the Delta cha Elijah Wald, kilichotoka mwaka 2004. Kinamhusu Robert Johnson, mpiga gitaa wa Mississippi aliyefariki Agosti 1938 akiwa bado kijana. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937. Huenda umeshasikia hadithi kwamba aliuza roho yake kwa shetani usiku wa manane kwenye njia panda. Wald anaiweka hadithi hiyo mahali pake kisha anauliza jambo la maana zaidi: watu weusi wa wakati ule, waliokuwa wakitoa senti zao za jasho, walinunua santuri za nani? Walinunua za Leroy Carr, mwimbaji na mpiga piano wa Indianapolis, na za nyota wengine wa mjini waliovaa suti. Kwao Johnson hakuwa mtu mkubwa. Sifa zake zilivuma hasa baada ya kampuni ya Columbia kutoa mkusanyiko wa nyimbo zake mwaka 1961, na waliomshangilia walikuwa vijana wa Kizungu wa Marekani na Uingereza. Kisha Wald anazipitia rekodi zake wimbo baada ya wimbo, akionyesha kila wazo Johnson alilipata kwa nani. Hamshushi hata kidogo. Mimi nilimpenda Johnson zaidi baada ya kukisoma, kwa kuwa nilimwona kama fundi aliyekuwa akisikiliza redio na santuri za wenzake na kujifunza kwa bidii.

Kitabu hiki nakiweka mbele kwa sababu kitakupa swali la kuendea vingine vyote: nani alikuwa anauza, nani ananunua, na nani alikuja baadaye kuandika?

Ukishakuwa na swali hilo, ingia kwenye Segregating Sound cha Karl Hagstrom Miller, cha mwaka 2010. Ni cha kitaaluma na kinataka subira. Soma sura moja, pumzika, rudi. Hoja yake ni kwamba wanamuziki wa Kusini mwa Marekani, weusi kwa weupe, walikuwa wakipiga kila kitu: nyimbo za kanisani, za dansi, za jukwaani kutoka New York. Waliochora mstari ni wafanyabiashara. Agosti 1920 Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" kwa kampuni ya Okeh, santuri zikauzika sana, na kampuni zikatambua kwamba watu weusi ni wanunuzi. Ikaanzishwa orodha ya santuri kwa ajili yao. Miaka michache baadaye ikaja orodha nyingine, ya Wazungu wa vijijini. Mtu mmoja, Ralph Peer, alikuwa na mkono kote kuwili: alifanya kazi Okeh wakati wa Mamie Smith, na mwaka 1927 ndiye aliyekwenda Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, akafungua mitambo yake kwa niaba ya kampuni ya Victor na katika muda wa wiki mbili hivi akawarekodi Carter Family, kikundi cha kifamilia, na mwimbaji Jimmie Rodgers, wote wa kantri. Mwanamuziki mweusi aliyependa kupiga fidla za vijijini alikuta hakuna orodha inayomtaka. Ndivyo masikio ya watu yalivyozoeshwa kwamba bluzi ni ya weusi na kantri ni ya Wazungu.

Hili linatuhusu sisi wa huku. Nimekulia Bonde la Ufa, katika nyumba ambamo Jim Reeves aliimba kila Jumapili baada ya ibada, na mjomba wangu alimjua Kenny Rogers kuliko alivyowajua waimbaji wa Nairobi. Wakenya tunaupenda muziki huu kwa dhati, lakini wengi wetu tuliupokea ukiwa umeshawekewa rangi. Kwa hiyo unapokisoma kile kitabu kinene cha Bill C. Malone, Country Music U.S.A., kilichotoka kwanza mwaka 1968 na kuongezwa mara kadhaa tangu hapo, tembea polepole kila anapotokea mtu mweusi. Utamkuta DeFord Bailey, mpiga harmonika aliyekuwa kipenzi cha wasikilizaji wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville, mpaka alipoondolewa mwaka 1941. Mtafute pia Lesley Riddle, aliyesafiri na A.P. Carter wa Carter Family vijijini kukusanya nyimbo: Carter akiandika maneno, Riddle akiihifadhi sauti kichwani. Mtafute Rufus Payne, mwanamuziki wa mitaani huko Alabama aliyemfundisha gitaa Hank Williams, nyota wa kantri. Halafu sikiliza "Blue Yodel No. 9", ambamo Jimmie Rodgers anaimba huku Louis Armstrong akipuliza tarumbeta na Lil Hardin Armstrong yuko kwenye piano. Ilirekodiwa Los Angeles mwaka 1930, wakati ambapo katika sehemu kubwa ya nchi ile Rodgers, Mzungu, na Armstrong, mweusi, wasingeruhusiwa kula meza moja.

Rodgers huyohuyo alifika hadi kwetu. Alifariki mwaka 1933 kwa kifua kikuu, ila santuri zake ziliendelea kusafiri. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipokuja kurekodi muziki wa Wakipsigis huko Kapkatet, wasichana walimwimbia wimbo wa Chemirocha, ambalo ndilo jina la Jimmie Rodgers katika matamshi yao, wakimsawiri kama kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Mwaka 2015 rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet, na baadhi ya watu walioimba wakati ule walikuwa bado hai. Zisikilize. Hazifanani na kitu kingine chochote.

Sasa ushauri ninaouona kuwa wa maana kuliko yote: kuna vitabu viwili ambavyo visisomwe kimoja bila kingine. Cha kwanza ni The Land Where the Blues Began cha Alan Lomax, cha mwaka 1993. Lomax alikuwa mkusanyaji wa nyimbo wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1941 alikwenda Mississippi, na katika shamba la Stovall akamrekodi dereva wa trekta aliyekuja kujulikana duniani kote kama Muddy Waters. Anaandika vizuri ajabu. Magereza, makanisa, wajenzi wa kingo za mto, yote unayaona na kuyasikia. Nakisoma tena na tena.

Cha pili ni Lost Delta Found, cha mwaka 2005. Ndani yake mna maandishi ya wasomi watatu weusi wa Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville: John Work, Lewis Jones na Samuel Adams. Uchunguzi ule wa Mississippi ulikuwa wa pamoja kati ya Fisk na Maktaba ya Bunge, na mbegu yake ilikuwa ya Work. Aprili 1940 ukumbi wa dansi wa watu weusi uliungua huko Natchez, watu zaidi ya 200 wakafa, naye Work akapendekeza kwenda kukusanya nyimbo ambazo jamii ingezitunga kuhusu msiba huo. Wazo likapanuka, likahamia wilaya ya Coahoma, na Lomax akaingia. Baada ya safari zile maandishi ya wale watatu yalikaa kwenye makabati kwa zaidi ya nusu karne bila kuchapishwa. Ukiyasoma leo unakutana na Mississippi tofauti na ya Lomax. Vijana wanazungumzia sinema na santuri mpya, na orodha za nyimbo zilizokuwa ndani ya masanduku ya muziki ya migahawani zimeandikwa moja moja. Hata Muddy Waters, alipoulizwa anajua nyimbo gani, alitaja kadhaa za Gene Autry, yule mwimbaji wa sinema za kauboi. Ukiwa na kitabu cha Lomax peke yake utadhani bluzi ilichimbwa ardhini. Soma vyote viwili, ikiwezekana mwezi mmoja.

Wanawake wasikupite. Wao ndio waliotangulia kuuza santuri za bluzi, kabla ya hao wanaume wa magitaa. Nunua au azima Blues Legacies and Black Feminism cha Angela Davis, cha mwaka 1998, kinachowazungumzia Ma Rainey, Bessie Smith na Billie Holiday. Davis alikaa na rekodi za Rainey na Smith akaandika maneno ya nyimbo kwa kusikiliza, na sehemu kubwa ya mwisho wa kitabu ni maneno hayo. Kwa msomaji ambaye Kiingereza cha Kusini mwa Marekani kinampa taabu, na santuri zenyewe zinakwaruza, hii ni hazina. Mimi na dada yangu tulikisoma pamoja, yeye akifuatilia maneno, mimi nikitafuta rekodi, na mara nyingi tulinyamaza kwa muda baada ya wimbo.

Kusoma bila kusikiliza hakufai kabisa. Weka simu karibu, na kila wimbo unapotajwa simama uutafute kabla ya kugeuza ukurasa. Rekodi za Lomax zinasikilizwa bure mtandaoni, na Internet Archive huazimisha nakala za kielektroniki za vitabu vingi vya zamani. Uwe na daftari: jina, mwaka, mji, kampuni, na nani aliandikishwa kama mtunzi. Hicho cha mwisho kitakuonyesha mengi. Utakuta jina la mkusanyaji au la tajiri wa kampuni limekaa kando ya jina la mtu aliyeuimba wimbo huo tangu ujana wake.

Kuna vitabu maarufu ambavyo ningekuomba uviache kwanza, uvisome baadaye kidogo. Mystery Train cha Greil Marcus kinasifiwa tangu 1975, na kwa haki, ila kinamdai msomaji awe ameshaijua fasihi ya Marekani. Wasifu wa Elvis Presley ulioandikwa na Peter Guralnick katika majuzuu mawili ni kazi ya upendo mkubwa, lakini usome baada ya kuwajua watu ambao Elvis mwenyewe aliwasikiliza.

Kuhusu Afrika, tuwe waangalifu. Waliopelekwa Marekani utumwani walitoka zaidi Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola, kwa hiyo tusikimbilie kusema bluzi ilitoka kwetu Afrika Mashariki. Africa and the Blues cha Gerhard Kubik, cha mwaka 1999, kinapima jambo hili kwa makini na kumuelekeza msomaji kwenye ukanda wa savana kusini mwa Sahara. Pwani yetu inaingia kwa mlango mwingine, wa biashara ya santuri. Noise Uprising cha Michael Denning, cha mwaka 2015, kinaeleza jinsi kipaza sauti cha umeme kilivyozifanya kampuni zikimbilie miji ya bandari duniani kote kuanzia 1925, na humo Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, yuko katika historia moja na wapiga jazi wa New Orleans. Nadharia zake ni nzito. Zikikuchosha, nenda moja kwa moja kwenye sura ya miji ya bandari, halafu urudi mwanzo.